Fulana Zimeshachapishwa

Angalizo la mvua kubwa mmelisikia tangu juzi, hatutalisoma tena hapa. Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba. Rangi ya njano. Linalotukosesha raha sisi wa kituo hiki ni Jumapili, maana Jumapili kuna vikundi vinapanda vilima vya Pugu.

Mtu akisikia hivyo anacheka. Pugu nayo mlima? Kweli, pale juu ni kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana hakuna anayepaogopa, na ndiyo maana hakuna anayeuliza hali ya hewa. Anayekwenda Kilimanjaro anabeba koti la mvua. Anayekwenda Pugu anabeba simu na fulana.

Fulana, ndiyo, na leo mtaisikia sana. Mwambie mratibu wa safari kwamba kuna angalizo, aahirishe. Atakujibu: fulana zimeshachapishwa. Coaster imelipiwa, mchele wa pilau umenunuliwa, na fulana zimeshachapishwa, tarehe iko mgongoni.

Wengine watasema wameangalia utabiri. Uliangalia lini? Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaosomwa jioni ni wa saa 24, unaanzia saa tatu usiku. Wewe uliyeangalia Alhamisi ulipokuwa unatuma mchango, uliiona Ijumaa. Jumapili hujaiona. Na uliangalia wapi? Simu imeandika Dar es Salaam, ikachora jua. Msitu wenyewe, Pugu-Kazimzumbwi, uko Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Upepo wa bahari ukikutana na mwinuko hupanda, hupoa, hufanya wingu. Posta mjini jua linawaka, Minaki kule Kisarawe watu wanaanua nguo. Sasa, uliangalia lini, na uliangalia wapi?

Masika iliyopita nami nilikuwemo kwenye safari kama hii, simsemi mtu. Fulana yangu ilikuwa ya njano, siku hizi inapigiwa deki. Pugu Kajiungeni tulimkuta mama muuza chai na vitumbua anakunja turubai lake, saa moja na nusu asubuhi, mbingu nyeupe kabisa.

"Shikamoo mama. Mbona unafunga mapema?"

"Marahaba mwanangu. Hamsikii hewa ilivyosimama?"

Tukamnunulia vitumbua vilivyobaki, tukapanda. Saa nne tulikuwa tunateremka kwa makalio. Udongo wa vilima vile una kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na ukilowa unateleza kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Raba hazishiki. Dada mmoja alitegua kifundo cha mguu, tukambeba kwa kanga mbili zilizofungwa kwenye mti wa kubebea, kwa zamu, radi inapasuka juu yetu. Wenzetu kadhaa walikuwa wamejibanza chini ya mti mrefu kuliko yote. Tulipowaita watoke, wakatuambia huo ndio wenye majani mengi!

Najua hoja ya mtaani: hawa wanatutisha bure, mara ngapi wametangaza na haikunyesha? Hapo lazima kimbunga Hidaya kitajwe. Mei 2024 boti za Zanzibar zilisimamishwa, watu wakajifungia ndani, kisha kimbunga kikaishiwa nguvu. Kwa wa Kariakoo ni kichekesho. Waulizeni wa Mafia, kilikotua. Waulizeni waliokwama Somanga barabara ya Lindi ilipokatika. Angalizo halikuahidi kwamba mvua itaanguka uani kwako. Linakuambia hatari ipo, jipange. Na wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, maji ambayo ukiwa chini ya bati utayalalia usingizi, ila yakikukuta kwenye njia ya mteremko, njia inageuka mfereji nawe umo ndani yake.

Lakini fulana zimeshachapishwa. Kila mwaka tunasema, kila mwaka jibu ni hilo hilo. Vikundi vina mweka hazina, vina mpiga picha, vina mtu wa spika. Mtu wa kuangalia hali ya hewa hakuna hata mmoja!

Basi ninyi waratibu, mteueni leo hii, kabla taarifa hii haijaisha. Jumamosi usiku asikilize utabiri, awaambie wote, siyo kumnong'oneza dereva. Jumapili alfajiri atoke nje kwanza, atazame upande wa bahari. Akiona wingu limesimama jeusi, geuzeni gari! Radi ikisikika mkiwa juu, shukeni hapo hapo, msingoje picha ya pamoja, msingoje aliyebaki nyuma amalize kujipiga selfi, mfuateni, mshike mkono, shukeni naye! Ahirisheni! Pilau italiwa nyumbani. Na dereva mtaelewana. Hizo fulana zivaeni Jumapili ya mbele zikiwa na tarehe ya wiki hii, nani atawasoma mgongoni?