Mgeni wa Kujitolea Tumpe Kazi Gani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia huko Kipsongo, Kitale.)

Mweka hazina mmoja ameniuliza hivi: mgeni akija kujitolea katika kikundi chetu, tumpe kazi gani? Ni swali zuri, kwa sababu mara nyingi sisi hupanga chai na nyimbo za kumpokea, halafu kazi yenyewe tunamwachia aipange mwenyewe.

Nitawapeleka Mombasa kidogo. Mombasa ni kisiwa, ingawa ukiingia Makupa umelala ndani ya basi huwezi kujua. Mwanzoni mwa mwaka 1862 walifika huko Wamethodisti wa kwanza kutoka Uingereza, Thomas Wakefield na mwenzake James Woolner. Waliongozwa na Mjerumani Krapf, aliyekuwa ameijua Mombasa tangu 1844 na kuwazika huko mke wake na mtoto mchanga. Walikuwapo pia vijana wawili Waswisi. Jumla watu watano.

Mpango wao ulikuwa kwenda mbali, kwa Wagalla, ambao leo tunawaita Waoromo. Lakini mipango ya mgeni hupangwa kabla hajaona barabara, si ndiyo? Wakaishia Ribe, vilimani nyuma ya Mombasa, kwa Waribe.

Sasa sikilizeni hesabu. Woolner aliugua, akarudishwa kwao. Wale Waswisi wawili waliiacha kazi. Krapf naye afya ilimshinda, akaondoka mwaka huo huo. Kati ya watano akabaki mmoja, Wakefield, kijana wa miaka 25 hivi. Mwenzake mpya, Charles New, alifika 1863.

Homa ndiyo iliyowamaliza wengi wa wakati ule. Ilikuwa bado miaka mingi kabla ya 1897, Ronald Ross alipoonyesha kwamba malaria inapitia kwa mbu. Sisi tunajua. Kwa hiyo mgeni akilala Bungoma bila neti, akaugua wiki ya pili, hiyo si bahati mbaya. Kamati haikufanya kazi yake. Neti na maji yaliyochemshwa viwe tayari kabla ya nyimbo.

Wakefield alikaa pwani zaidi ya miaka 20. Alifanya nini? Alijifunza lugha, tena akakubali kufundishwa. Kulikuwa na kiongozi wa misafara aitwaye Sadi bin Ahedi, mtu aliyezitembea njia za bara kwa miguu yake. Wakefield aliketi naye, akamwuliza kituo kwa kituo: hapa kuna maji? Hapa wanaishi nani? Akaandika. Mwaka 1870 njia hizo, za nchi ya Wamaasai na kuelekea ziwa la Nyanza, zilichapishwa London na chama cha wataalamu wa jiografia. Jina la Wakefield likajulikana. Lakini mwenye maarifa alikuwa nani? Ni Sadi. Na huyo huyo Sadi ndiye aliyemwongoza New mwaka 1871, New akapanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza: mpe na mwalimu. Chagueni mama mmoja anayeuza makaa au mboga, mgeni afuatane naye mwezi mzima, ajue gunia linanunuliwa kwa bei gani na faida inabaki ngapi. Baada ya hapo ndipo alete mawazo yake ya mradi. Wa Kiturkana afundishwe Kiturkana, wa Kibukusu Kibukusu, hata kama ni salamu tu na bei za sokoni.

Na jambo hili msinikasirikie. Saini ya benki msimpe. Kitabu cha hesabu kiandikwe Kiswahili, na mwanachama. Kazi yoyote anayoifanya mgeni, iwe kushona, kuku au hesabu, wawepo wanachama wawili kando yake tangu siku ya kwanza, mmoja akisafiri mwingine yupo. Watano wa Mombasa walibaki mmoja kabla mwaka haujaisha. Wenu ni mmoja tu, na tikiti ya kurudi kwao anayo mfukoni.

Mweka hazina, nadhani nimekujibu. Kama kuna mwenye swali, aulize sasa kabla mvua haijatufukuza.