Utepe wa Gundi na Kazi Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho watu hukitumia pasipo kukifikiri sana, nacho ni utepe wa gundi. Wengi wetu twaujua kwa kubandikia karatasi iliyochanika au kufungia boksi. Walakini viwandani utepe huu una kazi kubwa zaidi: huunganisha bamba la bati na ubavu wa gari, hushika kioo cha simu juu ya kasha lake, huweka bango ukutani, na hospitalini hushika kitambaa juu ya kidonda. Mahali pengi ambapo zamani palitobolewa na kutiwa misumari ya ribiti, sasa pamebandikwa utepe.

Mtu akienda kununua utepe kwa ajili ya kazi yake, aghalabu swali lake la kwanza ni hili: “Upi una nguvu kupita zote?” Twataka kuwaonyesha leo ya kuwa swali hilo huwapoteza watu. Utepe mwema ni ule ufaao kazi yake, na hatuwezi kuujua mpaka tumeichunguza kazi yenyewe.

Kwanza yatupasa kufahamu utepe huu ni kitu gani. Gundi ya seremala hupakwa ikiwa majimaji, kisha hukauka ikawa ngumu. Gundi ya utepe haikauki. Imekwisha pakwa juu ya karatasi, nguo au plastiki, nayo hushika kwa kugandamizwa tu, bila maji na bila moto. Siri yake ni kwamba ina tabia mbili kwa pamoja, tabia ya asali na tabia ya mpira. Kwa tabia ya asali hutambaa polepole na kujaza vijishimo vidogo vya kitu, hata ikakaribiana nacho mno. Na vitu vikikaribiana hivyo, chembe zake huvutana. Kwa tabia ya mpira hukataa kuachana inapovutwa. Tabia ya asali ikizidi, gundi hushika upesi lakini huteleza chini ya mzigo. Tabia ya mpira ikizidi, gundi hustahimili mzigo lakini ni vigumu kuishikisha tangu mwanzo. Basi mwenye kuitengeneza hupatanisha tabia hizo mbili, naye akiongeza huku hupunguza kule. Ndiyo sababu hapana utepe mmoja uwezao kazi zote.

Habari za watu waliotutangulia zatufundisha jambo hili. Katika miaka ya 1920 huko Marekani watu walipenda motokaa zenye rangi mbili. Mafundi walipotaka kupaka rangi ya pili walifunika ile ya kwanza kwa karatasi, wakaibandika kwa gundi kali. Walipoibandua, rangi mpya ilitoka pamoja nayo, kazi yote ikaharibika. Kijana mmoja, jina lake Richard Drew, alikuwa mtumishi wa kampuni ya Minnesota Mining and Manufacturing katika mji wa St. Paul, kampuni iliyokuwa ikitengeneza msasa. Alipopeleka msasa wa kujaribiwa karakanani aliyaona masumbuko ya mafundi hao. Akafanya majaribio mengi, hata mwaka 1925 akapata utepe wa karatasi yenye mikunjo midogo, wenye gundi ishikayo kwa kiasi na kutoka bila kudhuru rangi. Mwaka 1930 huyo huyo alitoa utepe wa selofani uonekanao kama kioo. Angalieni basi: mafundi wale walikuwa na gundi yenye nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyowatia hasara.

Habari ya pili ni kinyume chake. Mwaka 1943, wakati wa vita, mama mmojawapo wa Marekani, Vesta Stoudt, alifanya kazi katika kiwanda cha silaha katika Illinois, akifungasha risasi. Maboksi yalifungwa kwa utepe wa karatasi, kisha yakachovywa katika nta ili maji yasiingie, na ncha ya utepe ikaachwa nje ivutwe na askari. Lakini karatasi ilikuwa dhaifu. Ncha ilikatika mkononi, na askari akabaki akihangaika na boksi huku adui anapiga. Mama huyo alikuwa na wana wawili katika jeshi la majini. Alishauri utumike utepe wa nguo usiopenya maji, na alipoona shauri lake halipati nguvu, alimwandikia barua Rais Roosevelt. Shauri lilikubaliwa, na kutoka hapo ukaenea ule utepe wa nguo ambao mafundi wa nchi nyingi wanaujua mpaka leo. Hapo kosa lilikuwa udhaifu wa utepe, na gharama yake ingaliweza kuwa uhai wa mtu.

Sasa na tuyatazame maswali ambayo mchaguzi hana budi kujiuliza.

Swali la kwanza: Utepe utashika juu ya kitu gani? Chuma, kioo na alumini hupokea gundi kwa urahisi. Lakini plastiki za namna ya politheni na polipropilini, ambazo hufanyiwa ndoo, madumu na mifuko, huikataa gundi. Kila mmoja aweza kujaribu nyumbani. Weka tone la maji juu ya kioo kilichooshwa vizuri, utaliona linatandaa. Weka tone jingine juu ya mfuko wa politheni. Litajikusanya likawa duara, kama umande juu ya jani la magimbi. Kitu kinachoyakataa maji namna hiyo yaelekea kuikataa gundi pia. Kwa vitu kama hivyo hutafutwa utepe uliotengenezwa kwa ajili yake, au hupakwa kwanza dawa ya kuisaidia gundi kushika. Tena kuna plastiki laini ya vinyli, ambayo ina mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo hutoka polepole, huingia katika gundi na kuilegeza. Siku ya kwanza utepe utaonekana umeshika sana, na baada ya miezi michache utaanguka wenyewe.

Lazima pia tutazame kama kitu ni laini au kina mikwaruzo. Utepe mwembamba juu ya ukuta wa saruji hugusa vilele vya mikwaruzo tu, na mabonde hubaki tupu. Hapo hufaa utepe mnene wa namna ya sponji, upate kushuka mabondeni.

Swali la pili: Mzigo utavuta upande gani? Jambo hili wengi hulisahau. Bandika kipande cha utepe mezani, kisha ukivute kwa kukiburuta sambamba na meza, utaona kinakushinda. Sasa inua ncha yake na kukibandua kuelekea juu. Kitatoka kwa vidole viwili. Utepe ni ule ule na gundi ni ile ile. Unapouburuta, eneo zima la gundi hufanya kazi pamoja. Unapoubandua, nguvu yote huangukia mstari mmoja mwembamba, na mistari hushindwa mmoja baada ya mwingine. Fundi mwenye busara huunda kitu chake hivi kwamba mzigo usambae juu ya eneo lote, wala pasiwe na ncha inayoinuliwa.

Kadhalika mzigo wa kitambo kidogo si sawa na mzigo wa siku zote. Utepe uwezao kuzuia mvuto mkali wa dakika moja huenda ukateleza polepole ukitundikiwa kitu kidogo kwa mwaka mzima, maana tabia ya asali hailali. Kwa hiyo mzigo wa kudumu hutaka eneo kubwa zaidi. Kwa utepe mnene wa akriliki watengenezaji hushauri kama inchi za mraba 4 kwa kila ratili moja ya uzito. Bango lenye uzito wa ratili 6 latakiwa inchi za mraba 24; basi ukiwa na utepe wenye upana wa inchi 1, utatumia inchi 24 za urefu wake.

Swali la tatu: Kitu kitakaa wapi? Jua, joto, baridi na maji vyote huigusa gundi. Bati jeusi lililo juani laweza kupita digrii 70 za sentigredi. Hapa yatupasa kuzijua namna tatu kubwa za gundi. Gundi ya mpira hushika upesi, na bei yake ni nafuu. Hufaa sana kwa maboksi na kazi za ndani, lakini jua na joto huizeesha. Gundi ya akriliki hushika polepole zaidi, walakini hustahimili jua na miaka mingi; ndiyo itumiwayo zaidi nje na katika magari. Gundi ya silikoni ni ghali, nayo hustahimili digrii 200 na zaidi.

Joto lina hila nyingine pia. Bamba la alumini lenye urefu wa meta 2, likipata joto la digrii 40 zaidi, hurefuka karibu milimeta 2. Kioo chenye urefu huo huo hakifiki hata milimeta 1. Vikiunganishwa kwa utepe mwembamba mgumu, vitavutana kila siku jua lichomozapo na kila usiku liingiapo, hata gundi ichoke. Utepe mnene wenye kunyumbuka huvifuata vyote viwili bila kuachana navyo.

Swali la nne: Utepe wapaswa kukaa muda gani, na je, utaondolewa? Hapa twarudi kwa mafundi wa rangi mbili, lakini mahali pa rangi tuweke ngozi ya mwanadamu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, na mzee mwenye umri mwingi, wana ngozi nyepesi sana. Plasta yenye gundi kali yaweza kuondoka na ngozi ya juu, ikaacha kidonda kipya palipokuwa pazima. Kwa wagonjwa kama hao huchaguliwa plasta yenye silikoni laini, ambayo hushika kwa kutosha na kubanduka kwa upole. Atakayeichagua plasta ya wodi kwa kutazama nguvu peke yake huwaumiza wale wasioweza kujitetea.

Mtu akiisha kujibu maswali hayo manne, ndipo atazame bei. Wala asitazame bei ya roli peke yake. Utepe wa rahisi ukianguka, kuna gharama ya kitu kilichoharibika, na ya kazi kurudiwa, na ya mnunuzi ambaye hatarudi tena.

Hata hivyo utepe uliochaguliwa vema huweza kushindwa kwa ubandikaji mbaya. Vumbi na mafuta ya vidole hutosha kuitenga gundi na kitu chake. Vitu vingi husafishwa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, vikaachwa vikauke, wala visiguswe tena kwa mikono. Kisha utepe ugandamizwe kwa nguvu, afadhali kwa kigurudumu, maana kugandamiza ndiko kunakoiamsha gundi. Baridi ni adui: chini ya digrii 10 tepe nyingi za akriliki hukakamaa, wala hazishiki vema. Fundi wa Njombe abandikaye alfajiri katika mwezi wa Julai atafanya vizuri kungoja jua lipande na umande ukauke.

Tena subira yatakiwa. Utepe mnene wa akriliki, katika joto la kawaida la chumba, hupata kama nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, na kama sehemu 9 katika 10 baada ya saa 24, na nguvu zote baada ya saa 72. Anayebandika asubuhi na kutundika mzigo wote adhuhuri asiilaumu gundi.

Mwisho, jaribu kabla ya kuunda vitu elfu. Viwandani hubandua utepe kwa mashine yenye mwendo wa kama milimeta 300 kwa dakika na kupima nguvu. Tena hutundika uzito wa kilo 1 juu ya kipande kidogo na kuhesabu saa mpaka kianguke. Jaribio la pili fundi wa kijijini naye aweza kulifanya kwa jiwe lililopimwa na saa ya ukutani. Lakini na atumie kitu kile kile atakachokiunda, wala si kipande cha kioo kwa kuwa kiko karibu. Na akiweke juani na mvuani kama kitakavyokaa.

Basi, wasikilizaji, mkumbuke maswali manne: juu ya kitu gani, mzigo wavuta wapi, mahali gani, na kwa muda gani. Nanyi vijana wa shule, kesho lijaribuni lile tone la maji juu ya kioo, juu ya ndoo ya plastiki na juu ya bati, mwandike mlichokiona, kisha mbandike utepe mmoja juu ya vitu vyote vitatu na kuona kama maji yaliwaambia kweli. Kwa herini.