Mfalme wa Pop na Buti za Magari

Msikilizaji, hebu tuseme umepewa Michael Jackson. Mwaka ni 1990, albamu ya Bad bado inapigwa kila kona, na kampuni ya Sega ya Japani imekabidhiwa mtu anayejua kucheza dansi kuliko yeyote duniani, imtengenezee gemu. Wewe ungempa kazi gani? Sega walikaa, wakashauriana, wakampa kazi ya kufungua milango.

Sitanii. Gemu linaitwa Moonwalker, limetokana na filamu yake ya 1988, na ninalolisema mimi ni lile la Mega Drive, la kuchezea nyumbani kwenye televisheni. Jambazi Mr. Big kateka watoto na kuwaficha. Basi Michael, na suti yake nyeupe na kofia, anaingia klabu anafungua mlango: hamna mtu. Anafungua wa pili: hamna mtu. Akitoka barabarani anaanza kufungua buti za magari, moja baada ya nyingine. Trafiki wa mwisho wa mwezi hakagui buti kwa bidii ile. Mwaka 1992 Michael huyohuyo alifika Dar es Salaam na kuonana na Rais Mwinyi, na sijasikia kwamba kuna aliyemwomba akague gari.

Na watoto wenyewe! Wote ni binti mmoja. Sura ileile, gauni lilelile, na kila akipatikana anaita jina la Michael kwa sauti ileile. Sega walichora mmoja, wakaona yatosha.

Ukishawakusanya wote, anatokea Bubbles, yule sokwe wa Michael, anamkalia begani na kunyoosha kidole: Mr. Big yuko kule. Kumbe sokwe alikuwa anajua! Kwa nini hakusema tangu mwanzo, hatuambiwi. Unakwenda unakoonyeshwa, Mr. Big anajitokeza, anacheka, anaondoka zake na kukuachia wapambe wake upigane nao. Bosi haguswi, wapambe ndio wanaokula kichapo. Hapo nawapa haki yao Sega, dunia wanaijua.

Sasa dansi. Ukishikilia kitufe, Michael anazunguka kama pia. Ukizidi kukishikilia, majambazi wote waliopo wanaacha ujambazi, wanajipanga naye na kucheza hatua kwa hatua. Hata mbwa. Mbwa, msikilizaji, wanacheza kwa mpigo! Dansi ikiisha, wote chini. Ni kitu kizuri kuliko vyote humo ndani, nacho ndicho walichokitoza ushuru: kila akizunguka, uhai wake mwenyewe unapungua. Michael Jackson akicheza, anaumia. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili anabana matumizi, anapiga mateke tu. Ile hatua ya kuteleza kinyumenyume iliyolipa gemu jina imo pia, ila adui yuko mbele na wewe unarudi nyuma.

Halafu kuna nyota inayopita angani. Ukiidaka, Michael anageuka roboti la kurusha makombora. Linaua kila kitu, ila kuokoa watoto haliwezi. Linapita mlangoni mwa mtoto kama halimjui.

Muziki nao umo, Billie Jean, Beat It, ila bila mwimbaji: mashine inapiga nyimbo, na Michael anachangia vikelele vyake viwili vitatu. Raundi ya tatu inakufikisha makaburini, maiti wanafufuka, kila mtu anakaa sawa kuusubiri wimbo wa Thriller. Inapigwa Another Part of Me.

Lakini subiri mwisho. Umefungua milango yote, umekagua buti zote, umemvumilia sokwe. Pambano la mwisho na Mr. Big linafanyika angani, ndani ya chombo, unalenga na kufyatua risasi. Hakuna kofia, hakuna kuzunguka, hakuna mbwa. Miguu ya Michael Jackson haionekani kabisa. Kazi ile hata Bubbles angeiweza.