Mwimbaji, Kungwi, Mchawi: Majina ya Wanawake wa Sauti na Dawa

Kiingereza kimekuwa na desturi ndefu ya kumpa mwanamke mwimbaji jina lake peke yake. Katika Kiingereza cha kale, kiishio cha -estre kilimtambulisha mwanamke kwa kazi aifanyayo, na mwanamke aimbaye aliitwa sangestre. Kadiri karne zilivyopita kiishio hicho kilipoteza alama ya uke, neno likawa songster, jina la mwimbaji yeyote. Wasemaji wakalazimika kuongeza kiishio kingine kilichotoka Kifaransa, likazaliwa songstress, neno lenye alama mbili za uke juu ya mzizi mmoja. Jina la mchawi lilipita njia nyingine. Wicca alikuwa wa kiume na wicce wa kike. Matamshi yakaungana kuwa witch, kisha jina likamwelemea mwanamke. Mwanamume akapewa majina mengine.

Jambo la kuzingatia zaidi limo ndani ya mizizi. Enchantress, mwanamke anayeroga, limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuimba, cantare. Charm, yaani hirizi au mvuto wa kichawi, limetokana na carmen, wimbo. Katika Kilatini sauti ya kuimba na nguvu ya kuroga zilikwisha kuwekwa chungu kimoja kabla Kiingereza hakijaazima maneno yenyewe.

Kiswahili kilianzia kwingine. Ngeli ya M-WA haimtengi mke na mume: mwimbaji, mganga, mchawi, malenga na manju ni majina ya mtu, naye aweza kuwa wa jinsia yoyote. Chasu, lugha ya Wapare inayosemwa Vudee, wilayani Same, na milima yote ya Upare Kusini, nacho ni lugha ya Kibantu na kinafuata utaratibu huo huo. Mwanamke hujulikana kwa kazi aliyokabidhiwa. Mkunga hana kiambishi cha uke, wala hakuna anayeuliza kama ni mwanamke.

Miongoni mwa kazi hizo, ukungwi ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu. Kungwi ni mwalimu wa mwari, na nyakanga ni mkuu wa makungwi. Masomo ya unyago hayaandikwi. Huimbwa na kuchezwa, mafumbo yakifundishwa kwa ngoma na kwa viungo vya mwili. Mwari akiimbishwa wimbo leo, maana yake huelezwa baadaye, na nyingine huielewa akiwa ndani ya ndoa. Kungwi hodari aghalabu anajua pia mitishamba. Mtu mmoja basi ni mwimbaji, mwalimu na mganga, na Kiswahili humwita kwa jina moja lisilobeba tuhuma. Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefahamika kwa jina la Bi Kidude na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, aliimba taarabu katika majukwaa ya Ulaya, akapokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na wakati huo huo akaendelea kuwa kungwi na mjuzi wa dawa za miti. Magazeti ya nje yalimwita mwimbaji. Nyumbani jina hilo peke yake lisingemtosha.

Mfano mwingine ni ngoma za pepo. Katika mwambao, viongozi wa ngoma hizo huitwa mafundi au waganga, na wengi wao ni wanawake. Mgonjwa ni kiti, pepo hupanda kichwani, na kila pepo ana ngoma yake na nyimbo zake. Wimbo ukikosewa, pepo hasemi. Hapa wimbo wenyewe ni sehemu ya dawa, na anayeuimba anatibu.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutisha. Kuroga ni kitenzi chenye asili ya mbali katika lugha za Kibantu, na kuganga nacho ni hivyo hivyo. Lakini vitenzi hivyo viwili vimesimama mbali: anayeroga anaharibu, anayeganga anarekebisha, iwe mfupa uliovunjika au nyumba iliyoingiwa na balaa. Mpaka huo ndio uliovurugwa na utawala wa kikoloni. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, ilitafsiri uchawi kwa upana mno: ilijumuisha ulozi, kuroga, kudai nguvu za siri na kudai ujuzi wa siri, pamoja na enchantment, neno lile lile lililotoka katika kuimba. Kwa tafsiri hiyo, fundi wa pepo angeweza kuwekwa kapu moja na mlozi.

Miaka 15 kabla ya sheria hiyo, jambo la namna hiyo lilikwisha kumpata Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, Kenya. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akiongoza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu walipokusanyika aliwahimiza wakatae kutoa vijana wao kwa kazi za Waingereza. Arthur Champion, ofisa wa serikali, alimtaja katika taarifa zake kama mchawi. Mekatilili alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa uhamishoni Kisii pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola. Ngoma ilikuwa siasa. Jina la mchawi lilirahisisha kazi ya kumwondoa.

Upare nao uliandikwa kwa jicho hilo. Mmisionari Mlutheri Jakob Dannholz alichapa kitabu chake kuhusu Wapare mwaka 1916, na Mwadventista Ernst Kotz alichapa chake mwaka 1922. Anwani zote mbili zinaanza kwa maneno yale yale ya Kijerumani yanayomaanisha kufungwa na nguvu fulani: cha kwanza imani ya mizimu, cha pili hofu. Hata hivyo Kotz ndiye aliyechapa sarufi ya Chasu mwaka 1909, na kazi hiyo ina thamani hadi leo.

Jina laweza pia kumwinua mwanamke. Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliitwa Mtumwa, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mjini akapewa jina la Siti, neno la heshima kutoka Kiarabu lenye maana ya bibi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Tuhuma nazo hazijakwisha. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni. Neno mchawi halina jinsia katika sarufi, lakini panga limechagua.

Vudee ya leo ina mwanakwaya na mwalimu wa kwaya, majina yaliyokuja na kanisa. Majina ya Chasu ya wanawake walioongoza nyimbo na waliojua dawa yamo zaidi vinywani mwa bibi wazee kuliko katika kamusi. Walimu na wanafunzi wa Same wayaandike sasa, kila jina pamoja na kazi yake, wala wasilitafsiri jina lolote kuwa mchawi kabla ya kuwauliza bibi hao lilimaanisha nini.