Kiharusi: mshipa umeziba au umepasuka?
Msikilizaji, mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, shuku kiharusi. Lakini je, damu imeganda ikaziba mshipa, au mshipa umepasuka? Kwa macho huwezi kujua. Hata daktari mzoefu hukisia tu mpaka aone picha ya CT ya kichwa.

Zipo ishara. Kichwa kikiuma kwa kishindo, maumivu yakafika kilele ndani ya dakika moja na shingo ikakakamaa, huenda damu inavuja juu ya uso wa ubongo. Mzee aliyeanguka akajigonga, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza kusinzia na kuchanganyikiwa, nyumbani watasema ni uzee tu. Kumbe damu inaweza kuwa inajikusanya taratibu chini ya fuvu.

Ndiyo maana aspirini ya harakaharaka inanitia hofu: kwa mwenye mshipa uliopasuka, inaweza kuzidisha uvujaji. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda nayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na saa hizo tunazipoteza nyumbani tukichua mkono kwa mafuta. Angalia saa dalili zinapoanza, daktari ataiulizia.