Nguo za Majina Dukani: Mwenye Mali ni Nani?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu vijana, mada yangu leo ni nguo. Kumi la mwisho likiingia, Eastleigh kule Nairobi na Biashara Street hapa Mombasa hakupitiki. Kila mtu ataka nguo ya Idi, na kijana mwenye mtaji mdogo hufungua kiduka akauza fulana za Nike na raba za Adidas. Ni chumo jema. Lakini wengi wetu hudhani kwamba ukishamwambia mteja, "Hii ni kopi," umesalimika. Sivyo, ndugu zangu.

Sote tumesoma chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta kimeloa chini, akamkemea muuzaji kwa kuficha aibu ile. Basi ukisema ukweli, mteja hujamghushi. Lakini kuna mtu wa tatu hapo, naye ni mwenye jina. Alama ya biashara iliyosajiliwa ni mali yake. Mteja akiridhia, je, amekupa idhini ya mali isiyokuwa yake?

Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia, ya mwaka 2008, haimshiki mwenye kiwanda peke yake. Kuuza ni kosa, kutandaza dukani ni kosa, hata kuwa nazo stoo kwa ajili ya biashara ni kosa. Wakaguzi wana uwezo wa kuingia dukani na kuzichukua. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila nguo, au vyote viwili. Ukirudia, kifungo chaweza kufika miaka 15, na faini huanzia mara 5.

Hebu tupige hesabu. Fulana 50, bei ya rejareja shilingi 1,000 kila moja, ni 50,000. Faini yake haitapungua 150,000. Na mzigo umekwenda! Mtaji wenyewe pengine ni deni la mama au la chama.

Sasa tuache biashara? La hasha. Nguo halisi iliyonunuliwa kihalali yauzika. Mtumba halisi wa Kongowea au Gikomba hauwi feki kwa kuwa umevaliwa. Ila tuzingatie haya:

1. Dai risiti yenye jina la aliyekuuzia, uihifadhi.
2. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, uliza sababu kabla ya kulipa.
3. Usishone lebo ya kampuni kwenye nguo isiyo yake.
4. Usijiite wakala kwenye kibao cha duka na hali huna mkataba.
5. Leseni ya kaunti ni ruhusa ya kufungua duka, si ruhusa ya kuuza feki.

Nanyi wazazi, msiwabebeshe watoto mzigo wa majina. Kanzu safi ya fundi wa mtaani, isiyo na jina la mtu, yatosha kabisa kuswalia Idi.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na aibariki. Amin.

Wabillahi tawfiq.