Goti la Mama si Hukumu kwa Binti

Wananchi wa Tetu, mkulima anayepanda miteremko akiwa na majani chai mgongoni hulijua goti linalouma. Wengi husema, "Ni la kurithi." Ni kweli, lakini si yote. Jeni hurithiwa, juu yake kuna alama za kikemikali zinazoziwasha au kuzizima bila kuzibadilisha. Elimu hiyo huitwa epijenetiki. Umri, jeraha na unene huweza kuzivuruga alama hizo. Hapo huwaka jeni za vimeng'enya vinavyokula gegedu, ule mto laini kati ya mifupa. Dawa ya kuzirekebisha bado haijapatikana. Hata hivyo, kupunguza uzito, kuimarisha misuli ya mapaja na kugawanya mzigo hupunguza maumivu. Goti likivimba, fika kituo cha afya mapema.